Imewaka Mbele ya Macho Yangu

Zamani, mtu akitaka kununua karabai pale Iringa mjini, alikwenda na muda wake. Pesa ilikuwa jambo la mwisho. Ukiingia kwa Mzee Nazir, pale Miomboni, na haraka zako, ulitoka nazo hivyo hivyo mikono mitupu, maana mzee yule hakuuza kitu cha kuwaka kabla hakijawaka mbele yake. Na kwa hesabu yake, kitu hakijawaka mpaka mnunuzi amalize kikombe kizima cha chai.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mzee Nazir anaishusha taa rafuni, anaijaza mafuta, anaifunga utambi mpya, kile kisoksi cheupe, kisha anaipampu mara thelathini huku akihesabu kwa Kikachi, lugha ya nyumbani kwao. Taa inaguna, inakohoa, halafu inashika na kuanza kuvuma. Anaitundika kwenye ndoano juu ya kaunta na kugeukia pazia la nyuma. "Saker! Chai ya taa!" Hapo Sakerbanu, binti yake wa pekee, anatoka na sinia: chai ya maziwa iliyokolea tangawizi na iliki, vikombe vyenye ua la bluu, visahani chini yake. Mnunuzi anakunywa, taa inavuma. Ikitoa moshi au ikififia inashushwa, inapandishwa nyingine, na chai nyingine inamiminwa. Mnunuzi akiridhika, anakifudikiza kikombe juu ya kisahani. Hapo tena hakuna maneno. Mzee anaizima taa, anabandika kikaratasi chini ya tangi lake, na juu ya kikaratasi anagonga muhuri wa mpira aliouchongesha kwa maneno yake mwenyewe: IMEWAKA MBELE YA MACHO YANGU. NAZIR.

Wahehe wakaupa utaratibu huo jina. Walisema wanakwenda mjini "kuinywa taa". Mzee mmoja wa Kalenga aliinywa ya kwake vikombe vitano, wala si kwamba aliitilia shaka. Nje mvua ilikuwa inanyesha na chai ilikuwa tamu. Mzee Nazir, ambaye hakuwa mjinga hata kidogo, alimwongezea bila neno mpaka mvua ikakatika. Mzee wa Kalenga alirudi mwezi uliofuata na majirani zake wanne, na kila mmoja akanunua ya kwake.

Leo Sakerbanu ana miaka hamsini na saba, na akifumba macho bado anausikia mvumo ule. Anasikia na harufu: mafuta ya taa na iliki, vitu viwili ambavyo hakuna mpishi angevichanganya, lakini kwake ndiyo harufu ya kuwa mtoto. Ukimuuliza utoto ulikuwa nini, hatakutajia mchezo wala nguo ya sikukuu. Atakwambia alikuwa anasimama nyuma ya pazia akichungulia uso wa mgeni, aone kama kikombe kitafudikizwa au la.

Kisha umeme ukaingia vijijini, na hakuna mwenye akili zake atakayeulaani. Karabai zikashushwa rafuni zisipandishwe tena. Duka likauza tochi, halafu betri, halafu taa za sola. Mzee Nazir aliendelea kujaribu kila kimoja kwa chai, hata balbu, watu wakamcheka na kumpenda. Alipofariki, miaka kumi na moja iliyopita, waliomzika walitoka hadi mashambani. Muhuri ukabaki kwenye droo ya kaunta, pamoja na ngozi za pampu na sindano za kuzibulia taa ambazo hakuna aliyezihitaji.

Duka likapoa. Kuna siku aliyeingia alikuwa Apolonia peke yake, yule fundi cherehani aliyepewa nafasi barazani na marehemu, akiomba maji ya kunywa. Ndipo mpwa wa Sakerbanu aliyeko Dar alipomfungulia shangazi yake ukurasa wa biashara kwenye simu. Picha yake ya kwanza ilikuwa ya taa ya sola, na kando yake, kwa pambo tu, aliuweka muhuri wa baba. Watu wakairuka taa ya sola na kuurukia muhuri. "Huyu si Mzee Nazir wa Miomboni?" waliandika kutoka Makambako, Mafinga, Mbeya, mpaka Ulaya. "Baba yangu aliinywa taa hapo!" Sakerbanu alilia na kucheka siku nzima, simu mkononi. Kesho yake akafanya ambacho mfanyabiashara yeyote angefanya. Akanunua wino, akaanza kuugonga muhuri kwenye kila kitu alichouza.

Kosa lilianzia hapo, na tuseme ukweli, lilianza kwa machozi mazuri kabisa. Mwanzoni alijaribu vitu kwa uaminifu. Aliwasha, akachemsha chai, wakanywa na Apolonia. Lakini oda ziliongezeka, chai ikawa inapoa mezani, mwisho birika likapumzishwa. Muhuri haukupumzika.

Halafu wakaja wazee wa sigara. Wengi walikuwa wateja wa zamani au watoto wao, watu ambao madaktari walishawakataza moshi, na wakawa wanauliza kama duka la Nazir linauza zile sigara za umeme, zile za kuchaji kama simu. Sakerbanu hakuwa nazo. Akatafuta kwenye soko la mtandaoni, akampata muuzaji mwenye picha zinazong'aa, bei nusu ya wenzake na nyota nne na nusu. Katoni ikaja na basi, ndani yake vipande arobaini, kila kimoja kwenye kiboksi chenye lebo ya fedha na namba ya kukwangua ili kuhakikisha ni halisi. Hakuikwangua hata moja. Yeye havuti sigara, na kitu cha kutia mdomoni angekijaribuje? Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Mchana mmoja wa Jumapili aliketi akagonga muhuri kwenye viboksi vyote arobaini, wino ukamkaukia mara mbili akauongeza.

"Hizo nazo zimewaka?" Apolonia aliuliza kutoka barazani.

"Zina nyota nne na nusu," alijibu Sakerbanu.

Apolonia akakata uzi kwa meno, akaendelea na shati la watu.

Ilikuwa Jumatano moja ya mwezi wa sita, baridi ya Iringa ikiwa imewafunga watu mashuka mabegani, alipoingia mzee mrefu mwenye koti la sufu na kofia. Alikuwa amebeba kikapu. Alitoa humo kitu kilichofungwa kwa kitenge, akakiweka kwenye kaunta taratibu. Kando yake akaweka kopo la maziwa ya unga.

"Shikamoo, mzee wangu. Karibu."

"Marahaba, binti Nazir. Umenenepa."

Sakerbanu akacheka kwa mshangao, maana mtu akikwambia hivyo amekujua zamani. Mzee akafungua kitenge. Ilikuwa karabai, tangi lake limesuguliwa mpaka linaonyesha uso. Akaipindua. Chini yake palikuwa na kikaratasi kilichogeuka rangi ya kahawia, na maneno yake bado yanasomeka.

"Mimi ni Mwalimu Alinanuswe. Sasa nakaa Mbeya, Soweto, lakini mwaka wa sabini na tisa nilikuwa Ilula, kijana, mshahara wangu wa kwanza mfukoni. Wewe ndiye uliyeniletea chai. Nusu uliimwaga kwenye kisahani kwa kunishangaa urefu."

"Ulikunywa na kofia kichwani!" Sakerbanu alisema. Ilimjia yote: kijana aliyeinama asigonge taa, goti lake likitetemesha kaunta. "Baba alisema mwalimu gani huyu hajui kuvua kofia."

"Ilikuwa mpya. Niliogopa kuisahau."

Wakacheka wote wawili. Mwalimu akaanza kueleza, na mtu angedhani amesafiri kutoka Mbeya kwa ajili ya kueleza tu. Kwa taa ile alifundisha kisomo cha watu wazima pale Ilula. Akina mama waliokuwa wanauza nyanya barabarani mchana walikuja jioni kujifunza kuandika majina yao. Kila walipofika katikati ya somo, angetokea mtu mlangoni ametumwa na muuguzi wa zahanati: mwalimu, taa, mtoto anakuja. Darasa linavunjika, taa inaondoka. Mara ya nne Mwalimu alisema hapana, taa yangu nitaibeba mwenyewe. Akaipeleka, akakaa nje kwenye benchi mpaka mtoto akalia. Muuguzi akatoka amechoka, amejaa jasho, akamwambia asante huku akipiga miayo usoni pake.

"Huyo ndiye Tumpe, mke wangu. Taa hii ndiyo iliyotuoza, binti Nazir. Wazee wetu walikuja tu kuthibitisha."

Moyo wa Sakerbanu ulikuwa umejaa. Aligeukia pazia la nyuma kwenda kubandika chai, kitu alichokuwa hajafanya kwa mgeni siku nyingi, na machozi yalikuwa karibu. Mwalimu akainua mkono.

"Chai isubiri."

Akafunua kopo la maziwa. Ndani mlikuwa na mchanga. Akafukua kwa kidole, akatoa kitu cheusi kilichoyeyuka, ubavu wake mmoja umepasuka. Kisha kutoka mfuko wa koti akatoa kiboksi kilichokunjwa, akakinyoosha kwenye kaunta kwa kiganja, namna walimu wanavyonyoosha karatasi ya mtihani. IMEWAKA MBELE YA MACHO YANGU. NAZIR.

Akasema bila kupandisha sauti. Mwaka jana Tumpe alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala. Tangu hapo moshi wa sigara ya mumewe ulikuwa unamkohoza mpaka machozi, naye hana uwezo wa kuinuka akatoka. Mwalimu amevuta miaka arobaini na mitano. Akasema hili moja, la kuacha moshi, nitamfanyia. Jirani akamwonyesha ukurasa kwenye simu, akauona muhuri, akapiga kelele ya furaha kwamba kumbe duka bado lipo.

"Mimi nachomoa redio hata nikienda chooni. Tumpe hunicheka. Sijawahi kuacha kitu kwenye umeme nikatoka nyumbani. Lakini hiki nilikichaji kwenye kimeza cha kitandani kwake, nikaenda kanisani. Sikukichomoa." Akagusa kiboksi. "Nilijisemea, hiki kimeshawaka mbele ya Nazir. Nisimsumbue Nazir mara mbili."

Kilipasuka. Moto ukashika blanketi. Tumpe akajitahidi kuuzima kwa mkono wa kushoto, huo mmoja uliobaki mzima, mpaka jirani akaingia na ndoo. Mkono uliungua kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

"Sikuja kudai hela," Mwalimu alisema. "Nimekuja na swali moja tu. Hiki kiliwaka mbele ya macho ya nani?"

Barazani Apolonia alikuwa amesimamisha cherehani. Sakerbanu alikuwa na majibu mengi na yote yalikuwa ya kweli. Alikuwa ametapeliwa. Picha zilikuwa nzuri, nyota zilikuwa nne na nusu, lebo ilikuwa ya fedha. Akafungua mdomo. "Mwalimu, hata mimi huyo muuzaji ame…"

"Sikuuliza hilo."

Sakerbanu akautazama muhuri kwenye kiboksi, ukiwa umekolea, wino mpya. Akautazama na ule uliofifia chini ya taa. Maneno ni yale yale, mpira ni ule ule. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe, aibu ya kukamatwa na baba yake mwenyewe.

"Hakikuwaka mbele ya macho ya mtu yeyote, Mwalimu," alisema. "Niligonga mimi. Sikukiwasha."

Mwalimu Alinanuswe akavua kofia yake.

"Ndaga," alisema, ndiyo asante ya kwao. "Tumpe alisema utaniambia ukweli. Mimi nilibisha." Akaisogeza karabai upande wake. "Ngozi ya pampu imekauka. Itengeneze, kama mikono bado inakumbuka."

"Kaa kwanza unywe chai. Tafadhali."

"Chai ya duka hili hainywewi bure, binti Nazir," alisema. Akatoka kurudi kwenye basi, kofia mkononi na baridi yote ile.

Mchana huo Sakerbanu alichukua bisibisi ya baba yake akafungua kimoja cha vipande vilivyobaki kwenye katoni. Betri ilikuwa imevaa ngozi mpya inayong'aa. Alipoichana akakuta chini yake ngozi nyingine, kuukuu, ya betri iliyokwisha kutumika kwenye kitu kingine huko duniani. Waya zilishikwa kwa tone moja la risasi. Mzee Nazir angekiona kwa nusu kikombe. Akakwangua lebo ya fedha, namba yake haikuleta kitu. Akamtafuta muuzaji, ukurasa haupo. Akaanza kumtukana huyo mtu kwa lugha tatu.

"Unapoteza mate," Apolonia alisema kutoka mlangoni. "Mwizi yule hakujui wala humjui. Mwalimu anakujua."

Vipande tisa vilikuwa havijauzwa. Kimoja kilikuwa kwenye kopo la mchanga. Vilivyobaki thelathini vilikuwa majumbani kwa watu, na wenyewe hawakuviogopa, kwa sababu ya jina la marehemu baba yake. Akili ya Sakerbanu ilikwama hapo. Mtu angejihadhari na kitu chochote kingine, lakini hicho angekiacha kwenye godoro akaenda zake.

Akafungua orodha ya oda, akaanza kuwapigia simu wanunuzi. Apolonia alimshauri aseme ni hitilafu ya kiwanda, watu wanaelewa. Sakerbanu akakataa. Kwa siku mbili, mmoja baada ya mwingine, alisema maneno yale yale: usikitumie, usikichaji, kitoe nje, na muhuri ulio juu yake ni wa uongo, niliugonga mimi bila kukiwasha. Kuna waliomshukuru, kuna waliomtukana, na mama mmoja wa Mafinga alisema tu, "Hata nyie?" Hilo lilimuuma kuliko matusi yote.

Wa mwisho alikuwa mkulima wa mpunga wa Madibira, Mzee Sosthenes.

"Wee mama, nyie matapeli wa simu nimeshawazoea," alisema baada ya kumsikiliza. "Kitu ninacho hapa, nakichaji sasa hivi juu ya magunia. Kina muhuri wa Nazir, nausoma kwa macho yangu. Nimwamini nani, wewe usiyeonekana au Nazir?"

"Mzee, mimi ni binti yake!"

"Na mimi ni mjomba wake," alisema Sosthenes, akakata. Hakupokea tena.

Kesho yake alfajiri Sakerbanu alifunga duka. Alichukua karabai ya Mwalimu, ambayo alikwisha kuitia ngozi mpya iliyolowekwa mafuta usiku kucha, akachukua na kopo la mchanga aliloliacha Mwalimu, na utambi wa mwisho uliokuwa kwenye droo, akapanda gari la Mafinga, na kutoka Mafinga akaunga la Madibira. Alifika jua limesimama. Mzee Sosthenes alikuwa uani akigeuza mpunga kwenye turubai. Kupitia mlango wazi, juu ya magunia, kitaa chekundu kilikuwa kinawaka na kuzima. Sakerbanu aliingia ndani ya nyumba ya watu bila hodi, akachomoa waya, akakifukia kile kitu kwenye kopo la mchanga alilokuja nalo. Ndipo akarudi uani na kutoa salamu.

Sosthenes alikuwa ameshika reki, tayari kwa lolote. Akamtazama vizuri usoni. Pua ya Nazir haijifichi.

"Kumbe kweli ni wewe."

"Ni mimi, baba. Mzee Nazir amefariki mwaka wa kumi na moja huu."

"Najua. Nilikuwepo mazikoni. Udongo niliutia kwa mikono hii."

"Basi angekionaje hiki kikiwaka?"

Mzee akaenda ndani, akarudi na kiboksi. Akakisoma, midomo ikicheza. Akakigeuza, akakisoma tena.

"Niliugonga mimi," Sakerbanu alisema. "Bila kuwasha. Bila chai."

Sosthenes akaketi chini, pembeni ya turubai, mpunga ukamwagika chini ya kiatu chake asijali. "Nilimzika," alisema, "na bado kila nilipoona neno lake niliona yupo. Nilikuwa naona mtu wa hivyo hafi kabisa." Akamrudishia kiboksi. "Basi leo ndiyo amekufa."

Sakerbanu alilia pale uani mbele ya mtu asiyemjua, alilia kuliko siku ya mazishi, na mzee hakumzuia. Mwishowe alimletea maji kwenye bakuli anawe uso, akamwonyesha mahali pa kungojea gari la kwenda barabara kuu ya Mbeya.

Soweto aliikuta imefunikwa na ukungu, saa kumi na mbili jioni na watu wameshafunga madirisha. Mwalimu alimfungulia mlango, akaiona karabai, akasogea pembeni apite. Tumpe alikuwa ameketishwa kwenye kiti chenye mito, mkono wa kushoto umefungwa bandeji nyeupe, macho makali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeniunguza?"

"Ndiye mimi."

"Haya, kaa. Aliyeniunguza nikimwacha amesimama watasema sina adabu." Akamtazama mumewe. "Huyu naye asikudanganye na uso wake. Sigara kaacha. Anasema hamu iliungua na blanketi."

Mwalimu hakucheka. Sakerbanu akaomba ruhusa ya kuingia jikoni. Alikuja na majani ya chai, tangawizi, iliki, na vikombe vitatu vya ua la bluu, ndivyo vilivyosalia. Chai ilipokuwa inachemka aliijaza taa mafuta, akafunga utambi, akaipampu mara thelathini. Kinywa chake kikahesabu kwa Kikachi bila kutumwa. Taa ikaguna. Ikakohoa. Kwa kitambo aliona mikono yake imesahau, halafu ikashika, ikaanza kuvuma, na chumba kizima kikawa cheupe.

Tumpe alifumba macho. "Sukuma, mama, sukuma," alinong'ona, kisha akacheka mwenyewe. "Mlio huu! Nikiusikia mikono inataka kupokea mtoto." Machozi yakamshuka, na kwa kuwa hakuwa na mkono wa kuyafuta, Mwalimu akamfuta kwa ncha ya kitenge.

Wakanywa. Mwalimu alimshikia mkewe kikombe, akimpa kidogo kidogo, na cha kwake akikinywa katikati. Taa haikufifia wala kutema. Walimtaja mama Yusta wa nyanya, aliyejifunza kuandika jina lake halafu akaliandika kwenye ukuta wa choo cha shule. Walimtaja mtoto wa kwanza aliyezaliwa kwa taa ile, ambaye sasa ni babu. Sakerbanu alisikiliza akiwa amekaa ukingoni mwa kiti, na kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili alikuwa anachungulia uso wa mgeni.

"Nifudikizie," Tumpe alisema chai ilipokwisha. Mumewe akakifudikiza kikombe chake juu ya kisahani.

Hapo Sakerbanu alifungua mkoba, akautoa muhuri wa baba yake, akauweka mezani chini ya taa. Mpini wake wa mti ulikuwa umelika pale vidole vya Mzee Nazir vilipozoea kukaa.

"Mwalimu, kikombe chako kitaamua," alisema. "Ukikifudikiza, nitarudi nao dukani, na hautagonga kitu ambacho sijakinywea chai. Usipokifudikiza, ubaki hapa. Sitauulizia tena."

Alinanuswe akautazama muhuri. Akaitazama taa, muda mrefu, kama siku ile alipokuwa na mshahara wa kwanza mfukoni. Kikombe chake kilikuwa kitupu. Akakinyanyua.

Mwalimu akamnyooshea Sakerbanu, mdomo wa kikombe juu.

"Ongeza," alisema.

"Huyo atamaliza birika," alisema Tumpe.

Sakerbanu akammiminia, akakaa kungoja. Safari hii alikuwa amekuja na muda wake.